Nyanya aliyeitwa 'notorious': Kasoro ya daftari la msamiati

KATIKATI ya mwaka jana niliombwa kuketi katika kamati moja ndogo ya kugawa basari kwa vijana waliomaliza kidato cha nne. Sitaitaja kamati yenyewe wala mahali ilipoketi. Itoshe kusema kwamba barua tulizosoma zilitoka pande zote mbili za Keroka, mji ule uliokaa mpakani, mguu mmoja Kisii na mwingine Nyamira. Barua zilikuwa zaidi ya mia moja. Pesa zilitosha watu kumi na wanne.

Mojawapo ilitoka kwa binti aliyelelewa na nyanyake. Ilikuwa ya Kiingereza, hati ya mkono, mistari imenyooka kama ya mtu aliyeandika mara tatu kabla ya kuridhika. Katika aya ya pili alieleza kwamba nyanya, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa "notorious" katika lokesheni nzima kwa kuwasaidia wajane na kuwalisha mayatima.

Aliyekuwa akitusomea kwa sauti alikwama, kisha akacheka. Wengine wakamfuata. Mimi nilitabasamu, na afadhali niseme ukweli huo mapema. Mwenzetu mmoja akasema, "Huyu Kiingereza kimemshinda, huko chuoni ataenda kufanya nini?" Mwingine akadai barua haikuwa ya binti mwenyewe maana ilijaa maneno makubwa makubwa ya watu wengine. Karatasi ikawekwa upande wa kushoto wa meza, na upande wa kushoto ulikuwa wa wale wasiopata. Sikusema kitu. Mimi, mtu wa lugha, ninayelipwa kusema.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kulishughulikia neno hilo, "notorious" ni sifa ya mtu au kitu kinachojulikana sana kwa ubaya wake: genge la majambazi, kona ya barabara inayoua watu kila Disemba, mwenye nyumba asiyerudisha amana ya mpangaji. Kumwita nyanya hivyo kwa sababu ya kulisha mayatima ni kama kusema kwa Kiswahili kwamba alikuwa mkarimu aliyekubuhu, au mfadhili sugu wa wajane. Anachotaka kusema mwandishi unakielewa, lakini sikio linashtuka.

Majuma kadhaa baadaye dhamiri ilinisukuma nikamtafute. Nilimpata kwao upande wa Nyamira, kikapu mgongoni, akichuma chai pamoja na mamake mdogo. Nilimwambia kwamba naandika kuhusu jinsi wanafunzi wanavyojifunza msamiati mgumu wa Kiingereza, jambo ambalo lilikuwa kweli, ingawa si kweli yote. Aliingia nyumbani akatoka na daftari la kurasa mia mbili lililofunikwa kwa gazeti.

Nadhani wasomaji wengi wanalijua daftari la aina hiyo. Limepigwa mistari ya wima na kugawanywa safu tatu: neno, maana, sentensi. Nilikuwa nalo mimi, alikuwa nalo kakangu, na ukipita leo katika shule yoyote kati ya Suneka na Nyansiongo utalikuta. Nikapekua hadi herufi N. Neno lilikuwepo. Maana yake iliandikwa kwa Kiingereza, "famous, well known", yaani mashuhuri, anayejulikana sana. Katika safu ya tatu binti alikuwa ametunga sentensi yake mwenyewe kwamba mwalimu mkuu wao ni "notorious". Pembeni palikuwa na tiki nyekundu ya mwalimu.

Tiki hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike makala haya. Binti hakuwa mvivu wala mjinga. Alifanya kila alichoagizwa. Alilikopi neno, akaikariri fasili, akatunga sentensi inayolingana na fasili ile barabara, akasahihishwa na kupewa alama. Alipofika mahali ambapo maneno yana bei, akayatumia alivyofunzwa, na yakamgharimu ada ya chuo.

Maneno yale aliyatoa katika kijitabu. Nilikitafuta nikakipata Kisii mjini, kwa muuzaji anayetandaza vitabu kando ya barabara. Sitakitaja jina kwa sababu vipo vingi vya aina yake, na kosa lake ni la vyote. Nilikisoma jioni tatu mfululizo kama anavyosoma mhakiki, kutoka A hadi Z, na haya ndiyo niliyoyaona.

Kwanza, fasili zake zimekatwa miguu. Kamusi yoyote nzuri ya Kiingereza kwa wanafunzi hueleza kwamba "notorious" ni kujulikana kwa jambo baya. Mtunzi wa kijitabu aliiona fasili hiyo ndefu, akakata nusu ya pili ili iingie katika mstari mmoja. Nusu aliyoikata ndiyo iliyobeba neno. Katika ukurasa mwingine "meticulous" imefasiliwa kuwa "very careful", mwangalifu sana, ilhali ni uangalifu wa mtu anayekagua kila kitu kidogo, kama fundi wa Tabaka anayepiga msasa kinyago cha sopustoni hadi mkwaruzo wa mwisho utoweke. Binti wetu alikuwa amewaonya watoto wawe "meticulous" wanapovuka barabara. "Plethora" imefasiliwa kuwa "many", nyingi, na neno lenyewe lina maana ya wingi uliopita kiasi. Daftarini mama alikuwa na "plethora" ya watoto. Maskini mama! Na "demise", neno la kutajia kifo cha mtu wa heshima au kuporomoka kwa taasisi, lilikuwa limetumiwa kumwomboleza kuku.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, sentensi za mfano za kijitabu hazifundishi lolote. Chini ya "notorious" mtunzi aliandika kwamba mtu fulani ni "notorious". Basi. Ninacho kipimo kimoja ambacho nimekitumia kwa miaka mingi na kinamfaa yeyote anayetaka kununua kitabu cha msamiati. Liziba neno kwa kidole, kisha soma sentensi iliyobaki. Kama unaweza kulikisia neno lililozibwa, au angalau kujua ni la aina gani, sentensi hiyo ina kazi. Kama pengo linaweza kujazwa na neno lolote lile, sentensi ni mapambo. "Baba yangu ni mtu ____." Mrefu? Mkali? Mcheshi? Mlevi? Yote yanaingia. Lakini ukisema, "Mwizi yule ____ alikamatwa mara saba, akatoka mara saba, na kila alipotoka kijiji kilifunga milango mapema," hapo hata asiyejua neno "sugu" anaonja uchungu wake kabla hujamtajia. Nilikipima kijitabu kizima kwa kidole changu. Nilipofika herufi M niliacha kuhesabu sentensi zilizoanguka.

Kuna utafiti mmoja maarufu unaolenga shabaha hii. Mwaka 1987 wanasaikolojia wa Kimarekani George Miller na Patricia Gildea walichapisha katika jarida la Scientific American makala kuhusu jinsi watoto wanavyojifunza maneno. Waliwapa watoto neno jipya pamoja na fasili ya kamusi, wakawaagiza watunge sentensi. Mtoto mmoja alipewa "erode", kitenzi cha mto au mvua inayomomonyoa udongo. Katika fasili aliona maneno ya Kiingereza yanayoweza kueleweka kuwa "kula nje", akaandika kwamba familia yao hufanya "erode" mara kwa mara, yaani huenda kula mkahawani. Mwingine aliona kwamba "stimulate" ni kuchochea, basi akamweka mama fulani jikoni "akistimulate" supu.

Watoto hao walikuwa Wamarekani, Kiingereza ni lugha yao ya kuzaliwa. Kama fasili iliwapoteza hao, tunatarajia nini kwa mtoto wa Nyamira ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, baada ya Ekegusii na Kiswahili? Zingatia pia kwamba hawakukosea kwa kutoelewa fasili. Waliielewa. Walichukua kipande cha fasili wanachokijua, wakatunga sentensi kukizunguka, kisha wakalichomeka neno jipya mahali pake. Binti wetu alifanya hivyohivyo. Alitunga sentensi kuhusu mtu mashuhuri, akamwondoa "famous", akamweka "notorious".

Isidhaniwe kwamba tatizo hili halikuwahi kufikiriwa. Ajabu ni kwamba kamusi za Kiingereza kwa wanafunzi hazikuanzia Uingereza kwa Waingereza. Zilianzia kwa watu kama sisi. Michael West alikuwa akifundisha Bengal alipobaini kwamba fasili nyingi zina maneno magumu kuliko neno linalofasiliwa, na kamusi yake ya mwaka 1935 ikafasili kila kitu kwa maneno 1,490 tu. A. S. Hornby alifundisha Japani kwa miaka mingi. Kamusi aliyoiandaa huko pamoja na wenzake wawili ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, ikachukuliwa na Oxford mwaka 1948, na ndiyo mama wa ile kamusi nene tunayoiona leo katika ofisi za walimu. Hornby alijua kwamba mwanafunzi wa Kijapani hahitaji maana peke yake. Anahitaji kujua kitenzi kinafuatwa na nini na neno linakaa wapi katika sentensi, ndiyo maana akajaza mifano.

Kisha mwaka 1987, mwaka uleule wa Miller na Gildea, ikatoka kamusi ya COBUILD iliyoongozwa na John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham. Sinclair alikusanya mamilioni ya maneno kutoka vitabuni, magazetini na mazungumzoni, akayatia katika kompyuta na kuangalia kila neno linaandamana na nani. Mifano haikutungwa mezani, ilichotwa humo. Hata fasili zenyewe ziliandikwa kama sentensi kamili: ukisema mtu ni hivi, unamaanisha kwamba yuko vile. Wataalamu wengine waliziona ndefu na za kuchosha. Kwangu mimi ndizo fasili za kwanza zilizomwambia mwanafunzi neno linatumiwa na nani, kuhusu nani, kwa moyo gani.

Nyuma ya kazi hiyo kulikuwa na fikra ya J. R. Firth wa London, aliyeshikilia katika miaka ya hamsini kwamba neno hujulikana kwa wale linaoandamana nao. Na aliyelisukuma wazo hilo hadi kwenye tatizo la nyanya wetu alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe, Bill Louw. Mwaka 1993 aliandika kwamba yapo maneno yanayoambukizwa tabia na majirani zake. Neno likikaa na mabaya kwa muda mrefu hunuka mabaya, hata kama fasili yake haisemi hivyo.

Hebu tulijaribu hilo kwa Kiswahili chetu. Chukua kitenzi "kukithiri". Ukikifasili utasema ni kuwa nyingi, kuzidi. Sasa nisikilize nikisema, "Amani imekithiri Nyamira mwaka huu." Unakunja uso, sivyo? Kinachokithiri kwetu ni ufisadi, wizi wa ng'ombe, mimba za mapema, ajali. Au chukua "kusababisha". Mvua inasababisha maporomoko, lakini mavuno mazuri inayaleta. Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha hayo darasani. Niliyapata kwa kusikia, na msomaji vilevile.

"Notorious" nalo lina historia ya namna hiyo. Asili yake ni Kilatini, na kiini chake ni "kujulikana" tu, bila kusifu wala kulaumu. Kiingereza kililipokea karne ya 16 likiwa bado karibu na maana hiyo, kisha likaandamana na watu wabaya hadi likageuka wao. Kwa hiyo binti angeandika barua yake miaka 400 na ushei iliyopita, huenda angepata basari!

Nimesema Kiswahili kina "kubuhu" na "sugu". Hapa ndipo ninapowalaumu walimu wenzangu wa Kiingereza bila kuwaonea. Mwalimu angesema darasani, "Notorious ni kama tunavyosema mwizi aliyekubuhu," kazi ingeisha kwa sekunde tano na isingesahaulika. Lakini katika shule nyingi kutumia Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza ni mwiko, sembuse Ekegusii. Nilipokuwa darasa la sita nilivalishwa shingoni kibao cha aibu kwa kusema neno moja la kwetu, na nilikaa nacho hadi kengele ya jioni. Mtoto anaingia darasani na lugha mbili zilizokwisha kumpa rangi zote za sifa na lawama, tunamwambia aziache mlangoni, halafu tunamkabidhi maneno mawili ya Kiingereza yaliyokatwa miguu.

Afadhali hapa nijigeukie mwenyewe, maana walimu wa Kiswahili hatuna pa kujificha. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaandikia wanafunzi ubaoni orodha niliyoiita "msamiati wa hali ya juu" ili insha zao zing'ae. Banati: msichana. Ghulamu: mvulana. Adinasi: binadamu. Ajuza: mwanamke mzee sana. Kamusi zetu, kuanzia Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya mwaka 1981, zinaniunga mkono kuhusu ajuza. Basi mwaka mmoja nikapokea insha ya mvulana aliyempenda bibi yake kwa dhati, na insha nzima ilimwita ajuza. Ajuza wangu alinipikia, ajuza wangu alinibeba mgongoni. Nikampa alama nzuri kwa msamiati.

Sasa jiulize, nani humwita nyanya yake ajuza? Hilo ni neno la mtu wa kando anayemtazama mzee kwa mbali, neno la hadithi, mara nyingi ajuza mwenye siri zake na kibuyu chake. Mjukuu huita nyanya, bibi, kwetu magokoro. Nilimpa mvulana fasili sahihi na nikamnyima neno. Tofauti kati yangu na aliyetia tiki nyekundu katika daftari la Nyamira siioni.

Kama hatujifunzi maneno kwa fasili, basi tunayajifunzaje? Jibu liko hukohuko nyumbani. Katika Ekegusii "baba" ni mama. Naam, usishangae. Mama mzazi ni "baba", na baba mzazi ni "tata". Mtoto wa Gusii anayeanza Kiswahili anakutana na neno alilolinyonya pamoja na maziwa, likiwa limevaa ndevu. Kwa hesabu ya fasili huo ungekuwa mkanganyiko wa mwaka mzima. Lakini sijawahi kumwona mtoto aliyechanganyikiwa zaidi ya siku chache. Anasikia "baba na mama" yakitajwa pamoja, anasikia "baba yako amevaa koti", anasikia mwalimu akiuliza "baba anafanya kazi gani?" na majirani wa neno wanamwonyesha limehamia nyumba gani. Hakuna aliyempigia mistari ya safu tatu.

Au tazama vitenzi vya shamba. Mtoto wa miaka saba huko Nyamira anajua kwamba chai huchumwa, ndizi hukatwa, karanga hung'olewa. Akienda kuishi pwani atasikia nazi ikianguliwa, na hatauliza fasili. Kiingereza cha chai pia anakijua zaidi ya tunavyodhani. Vijana wanaofanya kazi viwandani wanatumia "withering" kwa usahihi usiopatikana katika vijitabu, kwa sababu wameyaona majani yakinyauka juu ya vitanda vyake na wamesikia neno likitajwa hapohapo. Waulize fasili watakwama. Waambie watumie neno, hawatakosea hata siku moja.

Nilipomsomea rasimu ya mawazo haya rafiki yangu anayefundisha Kiingereza upande wa Nyamache, alinikatiza. "Mwalimu, wewe unaleta mambo ya Birmingham. Mimi nina watoto sitini na watatu darasani, kamusi mbili, moja haina jalada wala herufi A. Mtihani haungoji. Fasili naiandika ubaoni kwa dakika moja. Hizo mamilioni za sentensi nitazitoa wapi?"

Ni hoja nzito na siwezi kuipita kwa kuruka. Fasili ni rahisi, na rahisi si tusi mahali palipo na uhaba. Tena fasili ina kazi yake. Humthibitishia msomaji alichokwisha kukikisia, na humzuia asikisie upotovu. Sisemi ifutwe. Nasema imewekwa safu isiyo yake. Sisi huanza na neno, tukaja fasili, kisha tukamwagiza mtoto azae sentensi ya neno ambalo hajawahi kulisikia likitamkwa na mtu yeyote. Tunamtaka atoe mwishoni kile alichopaswa kupewa mwanzoni. Daftari ligeuzwe. Safu ya kwanza iwe sentensi aliyoikuta, pamoja na mahali alipoikuta na nani alikuwa akisemwa. Neno lipigiwe mstari humo ndani. Safu ya pili iwe anavyolikisia kwa lugha yoyote aliyo nayo, Kiswahili au Ekegusii. Fasili ije mwisho, na sentensi yake mwenyewe ingoje hadi alikute neno mara ya pili au ya tatu. Nilimwambia pia kwamba mtihani anaouogopa uko upande wangu. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika KCSE ina kifungu chenye mapengo ya kujazwa, na pengo hujazwa na anayewajua majirani wa neno. Hapo orodha ya fasili haina msaada mkubwa.

Kuhusu sentensi zitoke wapi, magazeti yapo. Gazeti la Kiingereza la juzi halina bei kubwa, na kwenye hoteli za Daraja Mbili unalipata bure likiwa na doa la chai. Fuatilia "notorious" katika magazeti ya Kenya kwa mwezi mmoja. Utalikuta kando ya majina ya barabara zenye ajali nyingi, kando ya magenge, kando ya mitaa yenye dawa za kulevya. Ukishalikuta hapo mara tatu, hata ukilipwa hutamwita nyanya yako hivyo. Rafiki yangu alikubali kujaribu kwa muhula mmoja, kwa sharti kwamba magazeti niyapeleke mimi. Ninayapeleka.

Nirudi kwa binti, maana nilimwacha kando ya shamba la chai na daftari lake. Siku ile nilikuwa na gazeti mkobani. Badala ya kumweleza kosa lake nilimpa gazeti nikamwonyesha neno mahali mawili, katika habari ya genge na katika habari ya ajali. Akasoma kimya. Akasoma tena. Akacheka kidogo, kisha kicheko kikakatika.

"Mwalimu," akasema, "ile barua yangu ilisomwa na watu wangapi?"

Nikamwambia saba. Nikamwambia kwamba mimi nilikuwa mmoja wao, na kwamba sikusema kitu. Alitazama majani ya chai kwa muda mrefu. Mamake mdogo, aliyekuwa akisikiliza bila kuelewa Kiingereza chetu, alitaka kujua kuna nini, na binti akamweleza kwa Ekegusii. Yule mama hakucheka. Aliuliza tu kilichoandikwa kilikuwa nini hasa, na kilichokusudiwa ni nini. Halafu akatueleza kwamba nyanya hakuwa mtu wa kutajwa kwa sifa. Mtu akikwama njaa, watu walimwambia, nenda kwa mama fulani, huko hutarudishwa mlangoni.

Binti alichukua kalamu, akalitafsiri hilo kwa Kiingereza chepesi cha darasa la tano, bila neno hata moja la kijitabu. Ni sentensi nzuri kuliko zote nilizosoma katika barua zile mia na zaidi. Nimewaandikia wenzangu wa kamati nikawaeleza jambo lote, pamoja na sehemu yangu. Hadi ninapoandika haya sijapata jibu.

Alipomaliza alikifuta kile kitiki chekundu kwa kidole kilicholowa mate, kikaacha doa la waridi. Akaniuliza kama nina haraka ya kwenda, maana tulikuwa tumemaliza neno moja na daftari lilikuwa na maneno 217.